Hewa yenye mvuke kwa joto na presha kubwa: kwa nini lahajedwali lako linatoa jibu hasi

Swali: "Mimi ni fundi wa matengenezo katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, Nairobi. Nimejitengenezea lahajedwali la Excel la kukokotoa maji yaliyomo hewani. Kwenye nyuzi 25 linakubaliana kabisa na chati niliyopewa chuoni. Lakini tanuri letu la kukaushia huendeshwa kwa nyuzi 150, na nikiweka unyevu wa asilimia 40 napata −1.24, yaani kilo hasi za maji kwa kila kilo ya hewa. Isitoshe, tuna kompresa ya bar 7 inayovuta mita za ujazo 5 kwa dakika. Kwa hesabu yangu hewa inayotoka, ikiwa nyuzi 85, ina unyevu wa chini ya asilimia 30, yaani ni kavu. Mbona basi kila asubuhi paipu zinatapika maji na silinda za hewa zinashika kutu? Meneja anataka nimwambie tununue draya, yaani mashine ya kukausha hewa ya kompresa, ya ukubwa gani. Je, fomula ya 0.622 haifanyi kazi kwenye joto na presha kubwa? Tununue programu ya bei ghali?"

Jibu: Ndugu yangu, fomula yako ya 0.622, inayokokotoa kilo za maji kwa kila kilo ya hewa kavu, haina ubovu. Lile jibu hasi ni fomula inakuambia ukweli: hali uliyoiandika, nyuzi 150 na unyevu wa asilimia 40 ndani ya tanuri lililo wazi kwa hewa ya nje, haiwezi kuwepo. Tatizo liko kwenye namba unazoilisha, na programu ya bei ghali ukiilisha namba hizohizo itakukatalia vilevile.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tulifundishwa vibaya. Tuliambiwa hewa "hubeba" maji, na kwamba hewa ya moto ni kama sponji kubwa na hewa baridi ni sponji ndogo. Ifute picha hiyo. Kama John Dalton alivyoeleza mwanzoni mwa karne ya 19, gesi zilizochanganyika husukuma kuta za chombo kila moja kwa nguvu zake, kana kwamba nyingine hazipo. Presha ya jumla ni presha ya hewa kavu ukijumlisha presha ya mvuke. Mvuke hauhitaji kubebwa na hewa. Hata ukiiondoa hewa yote chomboni, maji yaliyo chini yatatoa mvuke hadi ufikie kiwango kilekile cha kushiba, yaani presha ya juu kabisa ya mvuke kwa joto hilo, na kiwango hicho huamuliwa na joto peke yake: kilopaskali 3.17 (kilopaskali 100 ni bar 1) kwenye nyuzi 25, 19.9 kwenye nyuzi 60, 101.4 kwenye nyuzi 100, na 476 kwenye nyuzi 150.

Sasa tazama tanuri lako. Unyevu wa asilimia ni sehemu ya kiwango hicho cha kushiba, na asilimia 40 ya 476 ni kilopaskali 190. Lakini presha yote iliyomo tanurini, hewa na mvuke pamoja, haifiki hata 100. Sehemu haiwezi kuwa kubwa kuliko jumla yake. Fomula inazidisha presha ya mvuke kwa 0.622, kisha inagawanya kwa presha ya jumla ukitoa ya mvuke, na kigawanyo kikiwa hasi, jibu nalo huwa hasi. Kwa Nairobi, unyevu wa juu kabisa unaowezekana kwenye nyuzi 150 ni asilimia 17 na kidogo, na hapo huna tena hewa tanurini bali mvuke mtupu. Kwa hiyo weka sharti katika lahajedwali: presha ya mvuke ikifikia presha ya jumla, lisimame na likuonye.

Nina hamu ya kujua asilimia 40 uliipata wapi. Kama imetoka kwenye kihisi, nashuku kihisi kipo mahali palipopoa, labda kwenye bomba la kutolea hewa, na wewe umeichukua asilimia yake ukaiambatanisha na joto la ndani. Kosa hili nimelikuta mara nyingi. Unyevu wa asilimia ni mali ya mahali ulipopimwa: hewa ikipoa au ikipashwa, asilimia hubadilika bila tone moja la maji kuongezwa au kupunguzwa. Kinachobaki palepale ni gramu za maji kwa kila kilo ya hewa kavu. Ukitaka hesabu yoyote ya joto kubwa ikutii, zisafirishe gramu hizo kutoka hatua moja hadi nyingine, na asilimia uitafute mwishoni kabisa, kama kuna mtu anayeihitaji.

Kwa tanuri hata kihisi si lazima. Pima uzito wa bidhaa kabla na baada ya kukaushwa, upate kilo za maji zilizotoka kwa saa, kisha ugawanye kwa kilo za hewa kavu inayopita. Tuseme hewa inaingia na gramu 14.7 kwa kilo, inapita kilo 1,000 kwa saa, na inaondoa kilo 80 za maji. Itatoka na gramu 94.7. Presha ya mvuke ni presha ya jumla (kwa Nairobi kilopaskali 82.5, kama utakavyoona) mara 0.0947, gawanya kwa (0.622 jumlisha 0.0947): kilopaskali 10.9. Kwenye nyuzi 150 huo ni unyevu wa asilimia 2.3 tu. Joto la umande wake, yaani joto ambalo matone yangeanza kuonekana, ni nyuzi 47 au 48. Namba hiyo ya mwisho ina faida kazini, kwa kuwa ukuta wa bomba la kutolea hewa ukipoa chini yake, maji yatachuruzika ndani na bati litaliwa na kutu.

Nije kwenye kosa ambalo hukuliona kwa sababu hesabu ilikubaliana na chati. Chati nyingi za vyuoni zimechorwa kwa usawa wa bahari, kwa presha ya kilopaskali 101.3. Sisi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako presha ya hewa ni kama kilopaskali 82.5. Ndiyo maana maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharagwe hukawia jikoni kuliko Mombasa. Lahajedwali lako limekubaliana na chati kwa kuwa vyote viwili vinadhani kiwanda kiko ufukweni. Chukua hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60, ambayo presha yake ya mvuke ni 1.90. Kwa chati ya pwani utapata gramu 11.9 kwa kilo. Kwa presha ya Nairobi ni gramu 14.7. Hiyo ni tofauti ya karibu robo nzima, hata kabla hatujagusa joto kubwa wala kompresa.

Tena uangalie usinaswe unapoitafuta presha ya leo. Simu yako ikikuonyesha hektopaskali 1,017 (kilopaskali 101.7) kwa Nairobi, hiyo si presha inayokuzunguka. Wataalamu wa hali ya hewa huirekebisha presha ya kila mji iwe kana kwamba mji uko usawa wa bahari, ili ramani zao zilinganishike. Unayoihitaji ni presha ya kituoni, isiyorekebishwa. Iombe Idara ya Hali ya Hewa pale Dagoretti Corner, au tumia barometa iliyowekwa kiwandani bila kurekebishwa kwa mwinuko.

Kuna kosa la pili lililojificha, nalo nimelijua kutokana na ile −1.24. Nimejaribu fomula kadhaa za presha ya kushiba, na jibu hilo linapatikana ukitumia ile ya Magnus yenye konstanti 17.625 na 243.04, pamoja na presha ya 101.3. Ukitumia jedwali la mvuke, yaani orodha ya presha za kushiba kwa kila joto, ungepata −1.33. Fomula ya Magnus ni nzuri sana kwa joto la hewa ya kawaida, na ndiyo iliyokulea vizuri kwenye nyuzi 25. Ila ilipimiwa joto la chini. Kwenye nyuzi 100 inazidisha kwa karibu asilimia 3, kwenye nyuzi 150 asilimia 7, na kwenye nyuzi 200 inakupa 1,743 badala ya 1,555, kosa la asilimia 12. Inaendelea kutoa majibu yenye sura njema, haikuonyi popote. Kwa joto la zaidi ya nyuzi 60 iweke kando, utumie jedwali la mvuke lililo nyuma ya kitabu chochote cha thamodinamiki. Chukua thamani kila baada ya nyuzi 5, uingize kwenye Excel, na kwa joto lililo kati ya mistari miwili ukadirie kwa logarithimu ya presha badala ya presha yenyewe. Makosa yatakuwa madogo kuliko ya kipimajoto chako.

Kwa nishati, fomula ya kawaida bado inakufaa: 1.006 mara joto, jumlisha kilo za maji mara (2,501 jumlisha 1.86 mara joto). Kwa mvuke wa nyuzi 150 sehemu ya mabano inakupa kilojuli 2,780 kwa kilo, na jedwali la mvuke wa presha ndogo linasema 2,783. Hapo hakuna cha kukunyima usingizi.

Sasa kompresa, na maji ya asubuhi. Hesabu ya chini ya asilimia 30 haiko mbali: kwa presha ya Nairobi nimepata 31. Ulichokosea ni kuiita hewa hiyo kavu. Kompresa haiondoi maji hewani. Inachofanya ni kuibana hewa na mvuke wake pamoja, na kila kimoja presha yake hupanda kwa kiwango kilekile. Geji yako husoma kile kilichozidi presha ya nje, hivyo bar 7 za geji ni kilopaskali 700 jumlisha 82.5, yaani 782.5. Hiyo ni mara 9.5 ya presha ya kuingilia. Mvuke uliokuwa na 1.90 sasa una kilopaskali 18. Joto la umande, ambalo nje lilikuwa chini ya nyuzi 17, limepanda hadi karibu 58! Kwenye nyuzi 85 hakuna tone, sawa. Lakini hewa haikai kwenye nyuzi 85. Inapita kwenye kipoza, inaingia tangini, inavuka uwanja ndani ya paipu ya chuma, na usiku wa Julai paipu hiyo hupoa kuliko wewe ulivyodhani. Kila inaposhuka chini ya 58, maji hutoka.

Yanatoka kiasi gani? Tuseme kipoza kinaishusha hewa hadi nyuzi 35. Kushiba kwenye 35 ni 5.63, kwa hiyo kilo moja ya hewa haiwezi kubaki na zaidi ya 0.622 × 5.63 ÷ (782.5 − 5.63), yaani gramu 4.5. Iliingia na 14.7, kwa hiyo gramu 10.2 zimekuwa maji. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Nairobi kwenye nyuzi 25 ina kilo 0.94 za hewa kavu, wakati usawa wa bahari ingekuwa na 1.16. Kompresa yako huvuta mita 300 kwa saa, sawa na kilo 283. Zidisha: karibu lita 2.9 za maji kila saa, lita 23 kwa zamu ya saa nane. Na hewa hiyo ya nyuzi 35, ikifika nyuzi 24 ndani ya paipu, itabakiza gramu 2.4 tu na kudondosha nyingine 2.1. Hizo ndizo zinazokusalimu asubuhi.

Tafadhali usipange ununuzi kwa siku ya wastani. Asubuhi ya masika, nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 90, hewa yetu huwa na gramu 18.5, nyingi kuliko alasiri ya Februari ambayo wafanyakazi hulalamika joto. Fanyia hesabu siku mbaya.

Kuhusu draya: ile ya kupoza kwa jokofu hushusha joto la umande hadi nyuzi 3 hivi chini ya presha, na hapo hubaki gramu 0.6. Kazi yake ni kuondoa tofauti kati ya gramu 4.5 na 0.6, sawa na lita 1.1 kwa saa kwa kompresa yako. Kwa silinda na valvu za ndani ya jengo hiyo inatosha. Ikiwa paipu inapita kwenye chumba cha baridi kali, haitoshi, kwa kuwa maji yataganda humo. Hapo utahitaji draya ya punje zinazofyonza unyevu, ambayo hufikia nyuzi 40 chini ya sifuri lakini hula umeme au hewa nyingi zaidi. Usimkubalie muuzaji anayekusukumia hii ya pili bila sababu.

Soma pia maandishi madogo ya katalogi. Uwezo wa draya kwa kawaida hutajwa kwa hewa inayoingia ikiwa nyuzi 35, bar 7, na chumba kikiwa nyuzi 25. Hewa yako ikiingia kwa nyuzi 45, itakuwa na gramu 7.7 badala ya 4.5, na mzigo wa maji utaongezeka karibu mara 1.8. Ndiyo sababu kiwanda huweza kununua draya "ya ukubwa sawa" na bado kikapata maji.

Umeuliza kama fomula ya 0.622 inavunjika kwenye presha kubwa. Kwa hakika inapinda, ila si hapo ulipo wewe. Yenyewe inadhani molekuli za hewa na za maji hazijaliani. Presha ikipanda, mambo mawili hutokea: hewa hukandamiza maji na kuyasukuma yatoe mvuke zaidi kidogo, na molekuli za hewa na za mvuke huvutana. Kwa pamoja huifanya presha ya kushiba iwe kubwa kuliko ya jedwali. Kwa bar 8 za jumla, nyongeza ni kama asilimia 2.5 kwenye nyuzi 20. Linganisha na makosa tuliyoyaona: kutumia presha ya pwani kulikupotosha kwa karibu robo, na kusahau kujumlisha presha ya nje kwenye geji kungezidisha maji yanayobaki hewani kwa asilimia 12. Kuhangaikia asilimia 2.5 kabla ya kuziba mianya hiyo ni kupaka rangi nyumba isiyo na paa.

Lakini ukipanda hadi bar 50, nyongeza hiyo hupita asilimia 10, na hapo fomula rahisi haifai tena. Watafiti Hyland na Wexler walichapisha mwaka 1983 milinganyo inayofika megapaskali 5, yaani bar 50. Mwaka 2009 Herrmann, Kretzschmar na Gatley, katika mradi wa ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upashaji joto na upoozaji hewa, waliipeleka hadi megapaskali 10 na nyuzi 350. Habari njema ni kwamba huhitaji kununua chochote ili kuitumia. CoolProp ni maktaba ya programu ya bure, huingia ndani ya Excel na lugha ya programu ya Python, na kazi yake ya HAPropsSI imejengwa juu ya milinganyo hiyo ya 2009. Ipe joto kwa kelvini, presha ya jumla kwa paskali, na gramu zako zikiwa zimegeuzwa kuwa kilo kwa kilo. Ningekushauri uwe na vyote viwili: lahajedwali lako ulilolitengeneza kwa mkono wako, kwa sababu unajua kila seli imetoka wapi, na CoolProp ya kulihakiki. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3 kwenye bar 7, tafuta kosa la vizio kwanza.

Kuna mambo ambayo hayamalizwi kwa kuandikiana. Tangi la hewa lililokaa na maji huliwa kutoka ndani, na unene wa chuma chake hauonekani kwa macho. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya hewa yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Omba kuona cheti cha mwisho, na kama hakipo, mwambie meneja kwa maandishi leo hii. Ikiwa mna kompresa ya pistoni pia, na hewa yake inatoka ya moto kuliko zamani, isimamishe na umwite fundi wake: masizi ya oili kwenye paipu ya moto huweza kushika moto. Na kama tanurini hukaushwa rangi au gundi yenye viyeyusho, hesabu zote za maji nilizokupa haziangalii hatari ya mlipuko. Hiyo ni kazi ya injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya, aje alione tanuri lenyewe.

Kabla meneja hajatia sahihi ya ununuzi, funga kipimajoto pale hewa inapotoka kwenye kipoza, uandike namba asubuhi na alasiri kwa wiki moja. Hakikisha valvu ya kutolea maji chini ya tangi inafunguka kweli, paipu kuu ina mteremko, na kila tawi linachomoka upande wa juu wa paipu badala ya chini. Ukiona kipoza kinatoa nyuzi 45 au zaidi, safisha mapezi yake na kagua feni kwanza, kisha upime tena. Namba utakayoipata baada ya hapo ndiyo utakayompelekea muuzaji wa draya.